Msingi wa Nyumba ya Udongo wa Kushindilia: Anza na Maji, Nondo Baadaye

Mtu akisikia unajenga nyumba ya udongo, swali lake la kwanza huwa mvua: kuta hazitayeyuka? Swali ni la haki, ila wengi wakishauliza hutazama juu, kwenye uso wa ukuta, wakaanza kuhesabu mifuko ya saruji ya plasta. Ukipita vijiji vya Dodoma na Singida ukazichunguza nyumba za udongo zilizozeeka, utaona ukuta umeliwa chini, kuanzia ardhini hadi usawa wa goti, na sehemu ya juu ingali nzima. Mara nyingi ukuta wa namna hiyo ulianzia moja kwa moja juu ya ardhi, au juu ya msingi ulioishia usawa wa ardhi. Udongo haukuwa na kosa. Aliyekosea ni aliyeuweka mahali ambapo maji hupita kila mwaka.

Uchambuzi huu unamhusu mtu anayejijengea mwenyewe: ana kiwanja, ana ndugu wawili watatu na saidia fundi, anataka nyumba ya chini isiyo na ghorofa, paa la mabati, na kuta za udongo wa kushindilia. Hizi si kuta za fito na tope, wala si tofali. Udongo wenye mchanga na changarawe nyingi na mfinyanzi kiasi hunyunyiziwa maji kidogo tu, humwagwa ndani ya maboksi ya mbao katika matabaka ya sentimita 10 hadi 15, kisha hushindiliwa hadi ugumu wake ubadilishe mlio wa kishindilio. Boksi hupandishwa, kazi huendelea. Kinachobaki ni ukuta mnene, wa sentimita 30 hadi 45, ambao mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 2 hivi.

Uzito huo ndio unaowatia watu hofu, na hofu hiyo huwapeleka kwenye nondo. Tuupime kwanza.

Chukua ukuta wa unene wa sentimita 30 na kimo cha mita 3. Kila mita moja ya urefu wake ina uzito wa kilo 1,800. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 wenye kimo hicho hicho ungekuwa na nusu yake. Ongeza paa la mabati na mbao zake, ongeza mawe ya msingi wenyewe, yaliyojengwa kwenye mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, pamoja na kipande cha mawe kinachopanda juu ya ardhi: jumla inafika kama tani 3 kwa kila mita ya urefu. Zigawe juu ya upana wa sentimita 60, ardhi inabeba tani 5 kwa kila mita ya mraba. Mfinyanzi mkavu uliokaza kwa kawaida hubeba tani 10 au zaidi, na moramu iliyoshikana hubeba zaidi ya hapo. Kwa hiyo upana wa sentimita 60 unatosha katika ardhi nzuri ya kawaida, na bado inabaki akiba.

Sasa tazama ukuta wenyewe. Pale chini kabisa unapokaa juu ya msingi, unabeba tani 6 kwa mita ya mraba, na ukiongeza paa inazidi kidogo. Udongo ulioshindiliwa vizuri ukakauka hustahimili tani 100 kwa mita ya mraba kabla ya kupasuka, na mara nyingi zaidi. Yaani una nguvu zaidi ya mara kumi ya zile unazozihitaji. Nyumba ya chini ya udongo haivunjwi na uzito wake. Lakini udongo huo huo ukilowa hadi ndani hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na akiba yote hiyo huyeyuka katika kile kipande cha chini kinachobeba kila kitu kilicho juu yake. Ndiyo maana nasema msingi wa nyumba hii uchaguliwe kwanza kwa ajili ya maji, pili kwa ajili ya ardhi inayocheza, na uzito uje wa tatu. Mafundi wengi huanza na uzito na hawafiki kwenye maji.

Maji yanavyofika ukutani

Njia ya kwanza ni kutoka chini. Ukuta unaogusa ardhi yenye unyevu huyavuta maji juu kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa, bila tone moja la mvua kuonekana. Kadiri chembechembe za udongo zilivyo ndogo ndivyo yanavyopanda juu zaidi. Yakifika usoni yanakauka, chumvi iliyokuwa ndani yake inabaki, inaganda na kuufanya uso wa ukuta umomonyoke unga unga. Pwani tatizo hili ni kubwa kuliko bara, na anayechanganya udongo wake na mchanga wa ufukweni anajitafutia tatizo hilo kwa mkono wake.

Njia ya pili ni matone. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mabati hugonga ardhi na kuruka. Mvua ya masika huyarusha hadi kimo cha sentimita 30 na hata zaidi ikiwa chini ni pagumu, kwa mfano sakafu ya saruji. Huo ndio ule usawa wa goti tuliouona Dodoma.

Njia ya tatu ni maji yanayotiririka kutoka kwenye mteremko yakakutana na nyumba na kusimama. Na ya nne husahaulika kwa sababu iko ndani: bomba likipasuka jikoni, au mtu akiosha sakafu kila siku, maji hukimbilia mguuni mwa ukuta. Nyumba ambayo ukuta wake wa udongo umeanzia usawa sawa na sakafu ya ndani haijajilinda na kosa la bomba moja.

Dawa ya zote nne ni kitu kimoja cha zamani: kipande cha mawe kinachotoka ndani ya ardhi na kupanda juu yake kabla udongo haujaanza. Ngome ya Bahla kule Oman, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, ina kuta na minara ya matofali mabichi, na chini yake misingi ya mawe. Wachina wa Fujian, waliojenga majumba makubwa ya duara ya udongo wa kushindilia kwa ajili ya koo nzima, walianza kwa mawe ya mtoni na kuyapandisha juu ya usawa wa mafuriko. Watu hawa hawakukutana kupeana ushauri. Walitazama kuta zikiliwa, wakaelewa.

Kipande hicho cha juu ya ardhi kiwe kirefu kiasi gani? Katika nchi kavu yenye upenu mpana, sentimita 30 juu ya ardhi iliyokwisha kusawazishwa zinaweza kutosha. Kwa mvua zetu, hasa Kagera, Mbeya, Njombe au pwani, mimi nisingekubali chini ya 45. Kipimo kianzie kwenye usawa wa mwisho wa ua, baada ya kumwaga kifusi na kutengeneza njia za maji. Nyumba nyingi huwa na sentimita 40 siku ya kumaliza msingi na 15 siku ya kuhamia, kwa sababu udongo uliochimbwa ulirudishwa kuzunguka nyumba. Ndani pia, mguu wa ukuta uwe juu ya sakafu kwa sentimita 5 hadi 10.

Chimba shimo kabla ya kuchora ramani

Hakuna aina ya msingi inayoweza kuchaguliwa mezani. Chimba mashimo mawili au matatu kwenye pembe za nyumba unayoiwazia, kina cha mita moja na nusu hadi mbili, na ikiwezekana yachimbe mwishoni mwa masika ili uone maji yanasimama wapi. Ukiona kuta za shimo zinavuja au maji yanakusanyika chini, umepata habari muhimu kuliko mchoro wowote. Waulize pia wachimba vyoo na visima wa mtaa huo. Watu hawa wanazijua tabaka za ardhi ya eneo lao kuliko mtu yeyote, na ni nadra kuulizwa.

Tabaka la juu lenye mizizi na rangi ya mboji huondolewa lote. Halina kazi kwenye msingi wala kwenye ukuta, lipeleke bustanini. Chini yake tafuta ardhi ambayo haijawahi kuguswa na jembe. Jihadhari na kifusi cha zamani: shimo la taka lililofukiwa, choo cha zamani, bonde lililojazwa na malori. Nusu ya nyumba ikikaa juu ya kifusi na nusu juu ya ardhi ya asili, itapasuka katikati hata ungeweka msingi wa namna gani. Tazama vichuguu pia. Mchwa hawali udongo, lakini huutoboa ukuta na kupanda wakitafuta mbao za paa. Kipande cha mawe kilichojengwa bila nafasi huwalazimisha wajenge njia zao kwa nje, ambako unaziona na kuzivunja.

Kisha kuna udongo mweusi wa mbuga, ule ambao Kenya na sehemu nyingi za Tanzania huitwa udongo mweusi wa pamba. Uko uwanda wa Athi hadi Kitengela, uko Usukumani, uko kwenye mabonde mengi ya kati. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono huingia. Masika huvimba na kunasa viatu. Ndani yake mna aina ya mfinyanzi inayonyonya maji na kutanuka, na katika udongo mkali wa namna hiyo msukumo wa kupanda huweza kuzidi tani 10 kwa mita ya mraba, mara mbili ya uzito tuliouhesabu. Nyumba huinuliwa. Tena haiinuliwi sawasawa, kwa sababu kingo hulowa kabla ya katikati. Rangi peke yake isikudanganye. Kibaha, mkoani Pwani, ina nyumba nyepesi zilizopasuka kwa sababu ya udongo unaovimba. Charles Lucian aliuchambua katika tasnifu yake ya uzamivu kwenye chuo cha KTH cha Stockholm mwaka 2008.

Kuta za udongo wa kushindilia hazipindi. Ukuta wa fito na tope hucheza na ardhi na kuzibwa nyufa kila mwaka; huu hupasuka mara moja, kuanzia kona ya dirisha hadi chini. Kwa hiyo ukikuta udongo wa mbuga, una njia tatu za kweli. Ukiwa na kina chini ya mita moja, uchimbe wote, utoe nje, ujaze moramu kwa matabaka ya sentimita 15 yaliyoshindiliwa moja moja. Ukizidi hapo, njia ya pili ni nguzo za zege zinazoteremka hadi ardhi tulivu zikibeba mihimili yenye nondo, au jamvi zito la zege, na kazi hiyo ni ya mhandisi, haina ujanja wa mtaani. Na gharama yake inakula faida yote ya kujenga kwa udongo. Njia ya tatu ni kutojenga nyumba hii kwenye kiwanja hicho. Najua kuwa haipendezi.

Misingi yenyewe

Tuchukue nyumba ya mita 8 kwa 10 yenye kuta za ndani za urefu wa mita 16. Jumla ya mtaro ni mita 52. Kwa upana na kina cha sentimita 60, ujazo wake unakaribia mita za ujazo 19. Kipimo hiki kitatusaidia kulinganisha.

Msingi wa mawe yaliyounganishwa kwa saruji na mchanga ndio ninaouweka mbele kwa sehemu kubwa ya nchi. Dodoma, Singida na Mwanza zina mawe ya granaiti karibu kila mahali. Iringa pia mawe hayakosekani. Granaiti hainyonyi maji, na hilo ni nusu ya kazi yetu. Mtaro wote pamoja na kipande cha juu ya ardhi utameza kama tani 40 za mawe, yaani safari sita za lori la tani 7. Saruji inayoingia kati ya mawe, kwa uwiano wa mfuko 1 kwa mchanga 5, ni kama mifuko 2 kwa kila mita ya ujazo, hivyo mifuko 40 hivi mtaroni. Namba hii hupungua kwa fundi anayejua kupanga mawe makubwa yakabana na kuziba mapengo kwa vijiwe, na hupanda maradufu kwa fundi anayeyatupa mawe na kuyafunika kwa saruji. Simama naye siku ya kwanza. Kila baada ya mita moja hivi liwepo jiwe refu linalopita upande hadi upande, la sivyo unajenga kuta mbili nyembamba zilizoegemeana.

Mawe ya matumbawe ya pwani ni habari nyingine. Ni mepesi, yanachongeka, na nyumba za Waswahili zimesimama nayo kwa karne nyingi, lakini yana vitundu, yananyonya, na yana chumvi. Yakitumika chini, juu yake lazima kuwe na tabaka la kuzuia unyevu kabla ya udongo.

Msingi wa zege na tofali ndio fundi wako atakaokupendekeza bila kufikiri, kwa kuwa ndio anaoujenga kila wiki. Zege la chini la unene wa sentimita 20, uwiano wa 1:3:6, litahitaji mifuko 27 hivi kwa nyumba yetu. Halina ubaya. Shida inaanza juu yake. Fundi atapandisha tofali za inchi 6 mstari mmoja, halafu ukuta wa sentimita 30 ukae juu ya sentimita 15. Nimeona mchoro uliochorwa hivyo na kupigwa muhuri. Ukichagua njia hii, pandisha mistari miwili ya tofali za inchi 6 sambamba, ikae inchi 12, na ifungane kila kozi ya pili. Ukishahesabu tofali hizo zote, mara nyingi mawe yanakuwa nafuu, isipokuwa mahali ambapo jiwe linatoka mbali kama Dar es Salaam na vitongoji vyake.

Nondo je? Katika ardhi ngumu na sawa, msingi wa mawe wenye upana wa kutosha hauzihitaji. Pesa hiyo ipeleke juu, kwenye lenta inayozunguka vichwa vya kuta zote, ambako nondo zina kazi.

Msingi wa mawe makavu kwenye mtaro una mashabiki wengi duniani. Mbunifu wa Marekani Frank Lloyd Wright aliutumia tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mtaro hujazwa mawe na kokoto safi bila saruji, chini yake hulazwa bomba lenye matundu linaloelekea mteremkoni, na juu hufungwa mhimili wa zege lenye nondo. Kwa nyumba yetu saruji yote ni mifuko kama 20, ya mhimili tu. Maji yakiingia hushuka, hukuta bomba, hutoka. Hakuna utambi, kwa sababu kati ya jiwe na jiwe kuna hewa. Mimi naupenda, lakini una sharti moja lisilo na mjadala: bomba lazima litokeze mahali penye mwanga, chini ya usawa wa mtaro, kwa mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita. Lushoto, Njombe au milima ya Iringa, hilo ni rahisi. Kwenye tambarare hakuna pa kutokea, na mtaro uliojaa mawe unageuka bwawa lililofichwa chini ya nyumba. Na penye mfinyanzi, tope laini hupenya taratibu na kuziba mapengo, kwa hiyo kuta za mtaro zivishwe kitambaa cha kuchujia kabla ya kumwaga mawe.

Udongo wenye saruji unaweza kushindiliwa mtaroni pia. Taasisi ya ujenzi wa udongo ya Auroville, kusini mwa India, imejenga misingi ya namna hiyo kwa kuchanganya saruji asilimia 5. Hapo tena inakuja mifuko 2 kwa mita ya ujazo, sawa na mawe, bila kusafirisha jiwe hata moja. Ni suluhisho la mahali pasipo na mawe na penye udongo wa kichanga usiovimba. Kinachonifanya nisite ni usimamizi: asilimia 5 iliyochanganywa vibaya ni asilimia 8 hapa na 2 pale, na msingi haukaguliwi tena ukishafukiwa. Kipande cha juu ya ardhi bado ningekijenga kwa mawe au tofali.

Viroba vilivyojazwa changarawe vinatosha kwa banda, jiko la nje au stoo. Viroba hivyo huliwa na jua wiki chache tu vikiachwa wazi. Kwa nyumba ya kulala watoto wangu, hapana.

Pale mawe yanapokutana na udongo

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kipande cha mawe kiwe na upana sawasawa na ukuta, wala kisitokeze nje. Kikitokeza hata sentimita 5, kinakuwa kibao cha kupokea maji yanayoshuka ukutani, na maji hayo yanakaa pale pale kwenye mguu wa udongo. Ni bora udongo uning'inie nje kwa sentimita 1 au 2 ili tone lidondoke. Kuna sababu nyingine ya upana huo: maboksi hubana juu ya kipande hicho cha mawe ili kuanza tabaka la kwanza. Kikiwa na mbavu mbavu, boksi halikazi, na udongo wa chini, ambao ndio muhimu kuliko wote, unashindiliwa ukivuja pembeni.

Juu yake pasawazishwe kwa pima maji ya mpira kuzunguka nyumba nzima, kwa tabaka la zege la sentimita 5 hadi 7. Tofauti ya sentimita 2 kwenye kona itapandishwa na boksi hadi kwenye paa. Kisha liache likomae. Kushindilia ni kupiga, kutwa nzima, na saruji changa chini ya mapigo hayo huachia jiwe. Siku 7 ni haraka ya lazima. Mwezi ndio kipimo cha kutulia.

Kuhusu nailoni nyeusi ya kuzuia unyevu, mafundi hugawanyika. Wengi huitandika tu, kama chini ya tofali. Mimi siipendi chini ya udongo wa kushindilia. Changarawe hutoboa nailoni kwenye tabaka la kwanza, na ikiponea, siku paa likivuja maji yanayoshuka ndani ya ukuta hukusanyika juu yake na kulowesha pale pale tulipotaka pakavu. Zaidi ya hayo ukuta unakaa juu ya kitu kinachoteleza. Tabaka lile la zege likipakwa lami mara mbili na kunyunyiziwa mchanga mkavu lami ingali ya moto linafanya kazi hiyo vizuri, na katikati yake uache mfereji mpana wa sentimita 8 na kina cha sentimita 3, udongo ujikite humo.

Mfereji huo unahusu pia tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu walikufa na nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake zikaanguka au kupasuka, za tofali na za udongo. Anayejenga kwenye ukanda wa Bonde la Ufa asikatize msingi mahali popote, hata chini ya mlango: uwe mkanda mmoja unaozunguka na kupita chini ya kuta za ndani. Kwenye mteremko, chini ya mtaro pachimbwe ngazi ngazi zilizolala sawa, kamwe pasifuate mteremko. Ukitaka mwongozo ulioandikwa, Zimbabwe ilitoa mwaka 2001 kiwango cha taifa cha kuta za udongo wa kushindilia, SAZS 724, ambacho baadaye kilichukuliwa na SADC kuwa kiwango cha pamoja. Tanzania ni mwanachama, na kukiweka mbele ya ofisa wa ujenzi wa halmashauri kunapunguza mabishano. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi nao umezoea kusikia habari za udongo.

Msingi ukiisha, rudisha udongo pembeni ukiushindilia, uinamie nje kwa sentimita 5 kila mita, na upenu wa mabati utoke sentimita 75 kama mbao zinaruhusu. Shimo la maji machafu likae mbali, chini ya mteremko. Plasta ya saruji isivutwe kutoka ardhini hadi juu ya ukuta wa udongo, hata jirani akisema inapendeza: inaziba njia ya kukauka, na unyevu uliokwisha kuingia unabaki nyuma yake ukifanya kazi kimya kimya hadi plasta ianguke na vipande vya ukuta.

Limebaki suala la majira. Kanda ya kati, ambako mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili, mtaro uchimbwe Mei, msingi ujengwe mwezi huo huo na ukomae Juni, kuta zisimame kati ya Julai na Septemba, paa lipigwe Oktoba. Mtaro usiachwe wazi ukingoja pesa. Mvua moja inalainisha ardhi ya chini, na itabidi uchimbe tena hadi palipo pagumu. Kwenye mikoa ya vuli na masika nafasi kavu ni fupi zaidi, Juni hadi Septemba, kwa hiyo ukubwa wa nyumba upimwe kwa idadi ya mikono uliyonayo. Septemba ikikukuta msingi ndio kwanza umekamilika, usianze kuta mwaka huo. Msingi wa mawe hauharibiki kwa kunyeshewa, na mvua hizo zitakuonyesha maji ya kiwanja chako yanapita wapi kabla hujaweka juu yake kitu ambacho hakipaswi kulowa.